Jirani Aliyejua Maumivu Kabla Hayajafika

Mwezi uliopita, kabla ya ndoa, mimi na mchumba wangu tulikwenda kupima damu katika kliniki moja chini ya kilima cha Lubaga. Muuguzi akatusomea majibu: mwenzangu hana kitu, mimi nina kinasaba kimoja cha ugonjwa wa sikoseli.

"Usiogope, dada. Wewe hauumwi, umebeba tu. Kwenu kuna mtu aliumwa hii?"

Kimawazo nilikuwa nimerudi Kisenyi, nina miaka saba, namsikia mdogo wangu akilia.

Kisenyi ya siku zile ilikuwa mtaa wa kelele, mafundi wakigonga mabati kutwa mpaka ukimya wa Ijumaa unakushtua. Tulikaa ua wa nyumba tatu, bomba moja la maji. Baba, askari polisi kutoka kaskazini, alikuwa akija mwisho wa wiki. Mama alishona nguo sokoni. Aliyetulea ni bibi yetu mzaa mama, habuba, kama sisi Wanubi tunavyosema. Asubuhi alikaanga kahawa, akaitwanga na tangawizi, ua mzima ukanukia.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minne, macho yana umanjano. Vidole vyake vilikuwa vikivimba bila kujigonga popote. Maumivu yakimshika alilia kwa sauti nyembamba, ameukumbatia mguu usio na hata mkwaruzo. Habuba alimgeuza huku na huku akitafuta kidonda, asikione. Hilo ndilo lililotutia hofu. Kitu kilikuwa kinamuuma mtoto mbele ya macho yetu, na hatukukiona.

Nyumba ya tatu alikaa mwanamke peke yake, mkaanga sambusa. Hakuwa msemaji. Lakini wingu likianza kujikusanya, utamwona kasimama mlangoni kwetu, mikono imejaa unga, anamtazama mdogo wangu anayecheza, mzima kabisa.

"Mtoto ifunike," alimwambia habuba. "Mpe maji. Maumivu iko njiani."

Kisha huyo, anaondoka. Na mvua haijakatika, mdogo wangu amekwisha kuanza kulia.

Mara ya kwanza habuba alimshukuru. Mara ya tatu aliacha kununua sambusa zake. "Amejuaje?" alimuuliza mama. "Kama si yeye anayeyaleta, amejuaje?" Tangu hapo tukikutana na jirani bombani, mimi nilishika ndoo yangu na kukimbia.

Siku moja mchana nilirudi na maji, nikamkuta amepiga magoti chumbani kwetu. Habuba alikuwa anaswali chumba cha pili. Jirani alikuwa anavishika vidole vya mdogo wangu kimojakimoja, midomo inacheza, sauti haitoki. Mdogo wangu ametulia, anamtazama tu. Nje kulikuwa na jua, lakini upande wa Nateete mbingu ilikwisha kuwa nyeusi.

Siku ya pili yake mdogo wangu alifia hospitalini.

Baada ya mazishi watu wazima wa ua waliniweka katikati.

"Ulimwona akimshika?"

"Nilimwona."

"Midomo ilikuwa inasema?"

"Ilikuwa inasema."

Sikudanganya hata neno moja. Asubuhi walimtolea jirani vitu barabarani, karai la mafuta likapinduliwa mlangoni. Alikusanya nguo zake bila kubishana. Alipopita karibu yangu alinitazama kwa huruma, na kwa miaka mingi jicho lile lilinitisha kuliko kama angenilaani.

Baadaye lawama zikaingia ndani. Ndugu wa baba walisema damu mbaya ni ya mama. Habuba akasema imetoka kwa yule askari. Baba akaacha kuja.

Haya yote nilimweleza muuguzi, mwishowe. Akageuza karatasi, akachora. "Baba alikuwa na moja, mama moja. Wote wazima. Mtoto akipata zote mbili, ndiyo anaumwa. Kila mimba, nafasi moja kwa nne. Hakuna mtu aliwaletea."

"Na mvua?" nikamuuliza.

"Mvua, baridi, kukosa maji. Hizo ndizo zinaamsha maumivu."

Nikamkumbuka jirani, amesimama mlangoni kwetu na mikono yenye unga.

Nilimtafuta wiki mbili kwa wakaanga sambusa, nikampata Nateete, mzee, haoni vizuri. Nilijitambulisha, nikamwambia nilichoambiwa kliniki.

"Nilizaa watatu," alisema. "Vidole yao ilikuwa vile vile. Wote walikwenda. Bwana yangu akanifukuza, akasema mimi nakula watoto."

"Mbona hukutuambia, mama?"

"Niwaambie nini? Jina ya ugonjwa sikujua. Nilijua mvua tu."

"Na siku ile, ulikuwa unamsemesha nini?"

"Nilikuwa nampa pole."

Nilimwomba msamaha. Aliushika mkono wangu, akaniuliza kama mchumba wangu naye amepima. Nikamwambia amepima.

Ua wetu haupo tena. Pamejengwa ghorofa la maduka ya vipuri. Kahawa ile sijaionja tena kwa mtu mwingine. Habuba amezikwa, na karibu wote walioniweka katikati siku ile wamezikwa, kila mmoja akiwa na uhakika wake. Mama bado yuko hai. Nilipompigia simu kumweleza, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama Nateete ni mbali sana kwa mtu mwenye magoti mabovu. Tulikwenda Jumamosi.