Gazeti Lililosubiri Zamu

Baba alipomfuata mama kaburini, niliacha shule nikabaki na wadogo zangu wawili katika chumba chetu cha Kariobangi. Mwandiko wa baba ulisalia mahali pamoja tu: kwenye gazeti la vitani.

Lilikuwa nakala moja, karatasi chache za penseli. Yeye na askari wenzake walilitunga wenyewe huko Burma, likapita mkono kwa mkono. Nyuma yaliandikwa majina yao. Ukishasoma unatia sahihi, unampa anayefuata, na hakuna kuruka jina. "Kumruka mtu ni kumzika," baba alikuwa akituambia. Aliyemfuata yeye alipotea msituni, hakuonekana tena. Kwa hiyo gazeti lilibaki kwa baba hadi siku zetu, miaka ya sabini.

Wiki chache baada ya matanga, mzee mwenye masizi mikononi alipiga hodi. Alikuwa fundi wa majiko, karakana yake ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kwetu. Jina la baba alilisikia kwenye matangazo ya vifo redioni.

"Kikosi kingine kiliniokota," alisema. "Nami nilidhani wenzangu wote wameisha. Lete zamu yangu, binti yangu."

Nikalileta. Alisoma kwa sauti: "Tangazo. Imepotea chumvi ya mpishi wetu. Atakayeiokota asiirudishe, tumeshazoea." Akacheka hadi akakohoa. "Hilo nililisema mimi! Baba yenu mwizi kweli kweli!"

Kisha akageuza nyuma, akaona nafasi tupu mbele ya jina lake. Kicheko kikakatika.

"Kumbe hakuniruka."

Akatia sahihi. Chini yake lilibaki jina moja.

"Huyu nilimfukia kwa mikono yangu," alisema, akalikunja gazeti. "Lakini simruki."

Mdogo wangu wa kiume akasimama mlangoni. "Liache hapo, mzee. Ni la baba yetu."

"Baba yako alishasoma, kijana."

Lakini hakumsukuma. Alinitazama mimi, mkubwa wao. Hatukuwa na picha ya baba wala kipande kingine cha mkono wake.

"Mpishe mzee," nikasema.

Mdogo wangu akasogea, mzee akaondoka nalo. Mimi nilipokuwa nikienda sokoni nilipitia karakana ile. Gazeti lilikuwa katika mfuko wa shati lake. Kila mtu aliposimama mlangoni akaziba mwanga, mzee aliacha kugonga bati, akapeleka mkono mfukoni, akamtazama usoni. Siku moja aliyeziba mwanga nilikuwa mimi; aliponitambua, aliutoa mkono mfukoni mtupu. Tangu hapo nilizunguka njia ya mbali.