Jerusha Aomba Kurudi Kwa Mwanawe

Mkataba wa Jerusha ulikuwa wa miaka miwili, lakini mwaka wa tatu ulimkuta bado Al-Suwaidi, Riyadh, akifua na kupiga pasi nyumbani kwa kafili wake, mwajiri ambaye bila sahihi yake hangeweza kuondoka nchini. Bintiye Valentine, aliyemwacha Vihiga akinyonya, sasa alikuwa akiongea. Jerusha alimjua kwa sauti tu, dakika chache za Ijumaa, kwa simu ya kuazima.

Alianza kwa Naftali, dereva wa nyumba hiyo, Mkenya mwenzake, aliyekuwa karibu kwenda likizo. Alimwomba afikishe barua ubalozini.

“Dada Jerusha, usinikasirikie,” Naftali alisema huku akipangusa kioo cha gari. “Wakinikuta na barua ya msichana wa ndani, watasema tuna uhusiano. Nitafungwa.”

Hakuwa anadanganya. Lakini likizo yake alikuwa ameifuatilia mwenyewe kwa miguu yake, na Jerusha hata lango hakuruhusiwa kulivuka.

Simu aliyoazima ilikuwa ya Lorna, Mfilipino waliyelala naye chumba kimoja. Wakala wa Lorna alimpigia kila mwezi kumjulia hali. Lorna alikula mezani na watoto. Jerusha alitengewa sahani na kikombe chake. Lorna alimhurumia sana, ila hakuwahi kuuliza kwa nini vyombo vilitengwa.

Akabaki madam, mke wa kafili. Jerusha alimkuta akikunja nguo za mtoto.

“Madam, wewe ni mama. Nataka kumwona mtoto wangu.”

Madam aliacha kukunja. “Hata mimi siwezi kusafiri bila baba watoto kutia sahihi,” alisema, na kwa muda huo mfupi walikuwa wanawake wawili tu. Kisha akamkabidhi zile nguo. “Lakini nyinyi Waafrika mna nguvu. Mwaka mmoja zaidi hautakuumiza.”

Jerusha alipiga pasi akiwaza. Naftali ni mweusi kama yeye. Lorna ni mtumishi kama yeye. Madam ni mwanamke kama yeye. Kila mmoja alimjua kwa upande mmoja, na hakuna aliyemjua mzima.

Mwezi wa nane familia ilienda Jeddah harusini. Katika ukumbi wa wanawake, akigawa kahawa, Jerusha alimfikia mama mkwe wa madam, akatua birika. Kwa Kiarabu cha jikoni akasema, bila kupaza sauti, “Mama mkubwa, kazi halas, imekwisha. Miaka mitatu. Mtoto wangu hanijui.”

Wageni waligeuka. Bibi akamtazama mkwewe. “Ni kweli?”

Madam aliinamisha uso.

Kilichomchoma bibi ni aibu kuliko huruma, na Jerusha alilijua hilo. Hata hivyo wiki ile ile tiketi ilikatwa, na ruhusa ya kutoka ikatiwa sahihi.

Vihiga, Valentine alijificha nyuma ya nyanyake, akamwita “anti”. Jerusha hakumlazimisha. Kwa majuma mengi alimwonea hamu akiwa hatua tatu tu mbele yake, na hamu hiyo ikamuuma kuliko ile ya Riyadh. Kisha asubuhi moja, wakichambua mboga ya mrenda, mtoto alisogea, akaegemea goti lake, akaendelea kuchambua. Jerusha akabana pumzi, asije akamshtua.