Nesi Aliyelipima Gari Homa

Nesi mstaafu na mumewe walinunua gari lenye kitanda, jiko na sinki ili wazeeke wakitembea. Badala yake, gari ndilo lililozeekea uani. Likikaa siku nne tu bila kuwashwa, betri imekufa fofofo.

Fundi umeme alibadilisha betri. Mpya ikafa. Akaleta nyingine, nayo ikamfuata mwenzake.

"Tuliuze," mume akasema. Alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na hakuzoea kushindwa na gari. "Lina mkosi hili."

"Mkosi gani, baba watoto? Mgonjwa ukimwongezea damu kila siku na bado anapauka, huilaumu damu. Unatafuta anapovuja."

Asubuhi nesi akavaa miwani, akazima kila kitu garini, akamwita fundi.

"Mama, hii siyo sindano," fundi akacheka.

"Najua, mwanangu. Wewe niazime balbu."

Fundi akachomoa waya mmoja wa betri na kuiunganisha balbu kati ya waya huo na betri. Ikawaka, hafifu lakini ikawaka. Kicheko kikamkauka mdomoni. Kuna kitu kilikuwa kinanyonya umeme kimyakimya.

Nesi akaanza kuchomoa fyuzi, moja baada ya nyingine. Ya redio, balbu inawaka. Ya pampu ya maji, inawaka. Ya taa za ndani, ikazimika.

"Lakini taa zote zimezimwa!" mume akabisha.

"Ndivyo unavyoona wewe."

Fyuzi na waya vikarudishwa, wakangoja dakika kumi ili taa yoyote inayowaka ipate moto. Kisha nesi akapita taa hadi taa akizigusa kwa mgongo wa kiganja, kama anayepima homa ya mtoto. Zote baridi. Akalala kifudifudi, akafunua sanduku la mizigo chini ya kitanda, akapenyeza mkono.

"Mama wee! Inaunguza!"

Swichi ya kifuniko, inayopaswa kuizima taa sanduku likifungwa, ilikuwa imeganda kwa kutu. Taa ilikuwa ikiwaka humo gizani muda wote huo, ikiangazia ndoo na kamba.

Fundi akafunga swichi mpya, mara hii bila utani. Nesi akapiga marufuku mtu kuligusa gari kwa wiki nzima.

Siku ya nane akazungusha ufunguo. Injini ikanguruma mara moja. Akajipigia vigelegele mwenyewe hadi majirani wakachungulia. Mumewe akaja mbio kushika usukani.

"Zunguka upande wa pili," nesi akamwambia. "Leo dereva ni mimi."