Bunduki ya Baba na Mgongo wa Mwizi

Mwanangu, nimesikia umepewa leseni ya bunduki, na mkeo ananiambia siku hizi unatembea hapo Kaaga kifua mbele. Hongera. Sasa keti, zima hiyo simu, nikwambie kilichotupata kwetu Kangeta nikiwa bado msichana wa shule. Mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka!

Baba yangu alikuwa na bunduki ya leseni, maana boma letu lilikuwa mbali na majirani. Aliifungia kwenye sanduku la chuma, ufunguo shingoni. Basi Jumamosi moja mchana, mimi na kaka yangu Mutuma tulikuwa nje tukifunga miraa kwa majani ya mgomba, tukasikia mama akipiga nduru jikoni. Mwizi! Mchana kweupe! Tulipofika, jamaa alikuwa na redio yetu kwapani, na panga ameliinua juu ya kichwa cha mama.

Baba akatokea mlangoni, bunduki begani. "Weka panga chini, ama nipige!"

Weh! Sauti ile sijawahi kuisikia tena. Jamaa akatupa panga, akatoka mbio na redio kupitia mlango wa nyuma.

"Baba, mpige! Anaenda!" Mutuma akapiga kelele.

Mgongo wa yule mtu ulionekana wazi kabisa kati ya miti ya miraa, shati jekundu, hata mimi ningempata. Na nisikudanganye, nilitaka apigwe. Lakini baba akashusha mtutu, akaziondoa risasi ndani ya bunduki.

Mutuma akaja juu. "Mwizi huku huuawa! Tutawachinjia wazee mbuzi, maneno yaishe!"

Ndivyo vijana wengi wa kwetu walivyoamini, kwamba wazee wakikaa na kula nyama, damu ya mwizi imesahaulika. Akanyoosha mkono achukue bunduki. Baba akausukuma.

"Leseni ni yangu. Wewe ukiishika tu, una kesi. Na unisikilize vizuri. Panga lilipokuwa juu ya mama yako, ningefyatua na kusimama mbele ya jaji bila kuogopa. Sasa anakimbia. Nikimpiga mgongoni, nimetetea nini? Redio? Jaji hali mbuzi wako, Mutuma!"

Akaingia chumbani akaifungia bunduki kwanza, sisi wote tukimpigia kelele, kisha akasikia kelele mtoni, akatoka mbio kama kijana hadi huko. Majirani wa ng'ambo walikuwa wamemzingira mwizi, mawe mkononi. Unajua baba alifanya nini? Alimkumbatia! Mwizi! Akasema anayetaka kurusha jiwe alirushe kwake. Wakayaacha mawe. Mwizi akafika polisi akitembea kwa miguu yake, na baba akaeleza kila kitu, hata kwamba alikuwa ametoa bunduki.

Jioni Mutuma alikataa kula, amenuna. Mama akampakulia baba mukimo, machozi yakimtoka, akasema, "Ungefyatua, kesho ningekuletea chakula rumande." Mutuma akavuta sahani yake polepole.

Kwa hivyo, mwanangu, sheria haikupi bunduki ya kulinda televisheni wala ng'ombe. Inakupa nafasi ya kuokoa uhai wakati uhai uko hatarini na huna njia nyingine, basi. Adui akitupa silaha, akigeuka, akilala chini, haki yako ya kufyatua imeisha hapo hapo, hata kama moyo unachemka. Usimwazime mtu, hata ndugu yako wa damu. Watoto wasijue ufunguo uko wapi. Na ukiitoa kwa lolote, nenda polisi mwenyewe kabla hawajakujia.

Haya, lete mikono nikuombee. Mungu alinde mlango wako na wote walio ndani. Akupe subira ya kushusha mtutu, na hiyo bunduki izeeke nawe bila kulia hata mara moja.