Kamoto ka Boila

Nina diploma ya ufundi, na nyumba hii ninayoishi Morogoro nimeijenga kwa akili yangu mwenyewe. Lakini nilipokuwa naishi Hounslow, Landani, boila kuukuu, ule mtambo wa gesi wa kupasha maji na nyumba, ilinishinda. Mama alikuja kunitembelea wakati wa baridi, na siku ya tatu radieta za kupasha vyumba joto zikapoa, maji ya moto yakakatika. Niite fundi, mimi? Niliifungua boila yote, nikavunja vali ambayo haiuzwi tena.

“Unatafuta nini humo, mwanangu?” mama aliuliza, kajifunika blanketi.

“Kilichoizima, mama.”

“Si niliizima mimi! Kale kamoto ka ndani kalikuwa kanawaka bure, na hakuna anayepika.”

Kumbe kamoto hako ndiko huiwasha boila; kiberiti kimoja kingetosha, kama nisingekuwa nimeivunja vali. Wiki zilizobaki alizimaliza kitandani, amevaa makoti yangu mawili, na Landani hakurudi tena.