Fisi Asiye na Mwenyewe

Miaka ya hamsini mwanzoni niliolewa Kishapu. Mume wangu akarudi machimboni Geita, nikabaki na mama yake, na sanduku langu lenye daftari la hadithi. Shuleni Tabora mwalimu alitufundisha kwamba msomaji hutishwa polepole: kwanza wingu, halafu mlango ulie, halafu kimya, ndipo kitu kitokee. Niliyashika hayo kama sala. Mama mkwe, ambaye sikuwahi kumwona amekaa bure, aliliona daftari lile kuwa uvivu wenye jalada.

Mwishowe tukapatana. Ningemsomea hadithi tukichambua pamba uani, safi huku, fifi, yaani ile yenye madoa, kule. Mikono yake ikisimama japo mara moja, niendelee kuandika. Isiposimama, daftari litawasha moto wa ugali. Nilikubali kwa kiburi, maana hadithi yangu ilikuwa na fisi.

Siku hiyo alikuwapo pia jirani yetu, mama mnene mcheshi aliyekuja kutusaidia. Nikaleta wingu, mama mkwe akachambua. Mlango ukalia, akachambua. Nikanyamaza kama nilivyofundishwa, jirani akadhani nimeshindwa kusoma, akanipa pole. Ikabidi nimtoe fisi mapema kabla sijaaibika zaidi.

"Mbiti wa nani?" mama mkwe akauliza, bila kuinua macho.

Nikaeleza kwamba ni fisi wa porini tu, hana mwenyewe. Wakacheka mpaka safi ikachanganyika na fifi. Kwao, fisi anayefika mlangoni ana mwenyewe, mchawi aliyemtuma, na hilo hata watoto wanalijua. Sasa waogope nini kwa fisi aliyepotea njia? Nilikasirika. Wingu langu na mlango wangu vyote kazi bure! Nikasoma haraka sentensi iliyofuata, niliyoipenda kuliko zote: fisi akaingia ndani akichechemea mguu wa kushoto.

Pakawa kimya. Nikainua macho. Jirani alikuwa amenyoosha mguu wake wa kushoto juu ya gunia, umefungwa kitambaa, kwa kuwa juzi yake alichomwa na mwiba. Mama mkwe alikuwa anautazama mguu ule, mikono imesimama, pamba kila mkono.

Nikaapa kwamba niliyaandika yale Tabora, kabla sijamjua mtu yeyote Kishapu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoharibu. Jirani akauficha mguu chini ya kanga, akasema ameacha maharage motoni, akaondoka akitembea wima kama askari, jasho likimtoka usoni. Hakuchechemea hata hatua moja mpaka alipoingia kwake. Niliona aibu, na papo hapo niliona raha, Mungu anisamehe.

Mama mkwe akaitazama mikono yake. Alikuwa mtu wa kushika neno.

"Andika," akasema. "Lakini kesho twende tukampe pole jirani, na huyo mbiti wako awe ameshapona mguu."