Mistari Mitatu ya Pindo

Ingunn Sletten alikuwa na uhakika kwamba sketi ndiyo iliyorefuka. Zilibaki wiki tatu kufika tarehe kumi na saba Mei, sikukuu ya taifa ambayo mji mzima wa Voss huvaa bunadi, vazi la jadi, na kufuata bendera kwenye gwaride, na sketi ya bunadi yake ilikuwa inafagia sakafu.

“Sufu imevutika kabatini,” alimwambia Bergljot, fundi cherehani wa miaka sabini na minane.

Bergljot alitandaza sketi mezani, akaipima. “Sufu haijavutika hata chembe, mwanangu. Hebu simama hapa nikupime wewe.”

Ingunn alikuwa amepungua kimo kwa sentimita nne.

“Kanda yako ya kupimia imechoka,” Ingunn alisema.

“Kanda ni ya mwaka jana. Aliyechoka ni mwingine.”

Ingunn hakucheka. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na ubishi wake ulijulikana bonde zima. Hedhi ilikoma akiwa na arobaini na sita, na kwa majira mawili ya baridi alilala dirisha wazi kwa joto la mwili, theluji ikiingia hadi kwenye zulia, huku mumewe Oddvar akilala na kofia ya sufu na kulalamika kwamba ameoa tanuri. Walicheka sana miaka ile. Joto lilipokwisha, alidhani mambo yamekwisha. Kumbe homoni ya kike ilipoondoka pamoja na hedhi iliacha mifupa bila mlinzi, na mifupa ikaanza kuliwa kimyakimya, kwa kasi zaidi katika miaka ileile ya vicheko. Daktari alimweleza hivyo mwezi Februari, mgongo ulipomuuma, akampa barua ya kwenda kupimwa mifupa. Ingunn alimsimulia Bergljot kwa dharau, kisha akaibandika barua kwenye friji. Mtu aliyelelewa kwa maziwa na kijiko cha mafuta ya ini la samaki kila asubuhi, mifupa yake ina nini cha kupimwa?

Sketi yenyewe ilikuwa ya mama yake, Jorunn. Ukiona vyaelea, vimeundwa: Jorunn aliitarizi majira mawili ya baridi, kando ya jiko la kuni, Ingunn, akiwa mdogo, akikaa chini ya meza na kumshikia uzi mwekundu. Jikoni kulinukia kahawa na sufu mbichi. Ah, angetoa chochote akae tena chini ya meza ile dakika tano tu.

“Njoo uone,” Bergljot alisema, akiwa amefumua pindo.

Ndani ya sufu nyeusi kulikuwa na mistari mitatu ya matundu ya sindano, mmoja juu ya mwingine.

“Hii ni nini?”

“Mama yako. Alikuja mara tatu nimpandishie. Alipofariki, nikaishusha ikutoshe wewe.”

“Aliniambia anaipandisha kwa kuogopa matope!”

“Aliniapisha nisikwambie.”

Ingunn alikaa. Alimkumbuka mama yake katika gwaride la mwisho, mgongo umekunjika, hawezi kuinua uso hata kuiona bendera. Alikuwa akitazama miguu ya watoto wanaopita na kusema, “Viatu vya mwaka huu vizuri kweli,” na watu wakacheka, na Ingunn naye akacheka. Sasa alilia waziwazi, bila kujificha, kwa sababu ya kicheko kile.

“Mficha maradhi, kilio humfichua,” Bergljot alisema, akimpa kitambaa. “Lakini Jorunn usimlaumu. Yeye aliambiwa ni uzee, avumilie. Hakuna aliyemwambia kuna kupimwa, kuna dawa. Wewe umeambiwa. Barua iko wapi?”

“Kwenye friji.”

“Inasubiri nini huko, iive?”

Ingunn alitoa simu mkobani, akapiga hospitali palepale, pini zikiwa bado mezani. Alipewa nafasi tarehe kumi na tisa Mei, saa tatu asubuhi. Kisha akapanda juu ya kigoda, akajinyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu.

“Pandisha basi, mama,” alisema. “Ila mstari wangu uwe huo mmoja.”